Lenzi laini zinaifanya nini konea mwaka hadi mwaka

Konea ni kioo cha mbele cha jicho, ile sehemu angavu iliyofunika mboni. Katikati ina unene wa nusu milimita hivi, lakini takribani theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga huifanya yenyewe. Ili mwanga upite bila kizuizi, haina hata mshipa mmoja wa damu, na kiungo kisicho na damu lazima kitafute oksijeni kwingine. Konea huipata hewani, ikiwa imeyeyuka kwenye machozi. Usiku kope zikifungwa, hutegemea ile kidogo inayotoka kwenye mishipa iliyo upande wa ndani wa kope. Ndiyo maana hata mtu asiyevaa lenzi huamka konea yake ikiwa imevimba kwa asilimia 3 hadi 4. Akishafumbua macho, uvimbe huo unakwisha wenyewe.

Sasa weka lenzi juu yake. Lenzi laini ina kipenyo cha milimita 14 hivi, na konea ya kawaida haifiki hata 13. Kwa hiyo inafunikwa yote, pamoja na mpaka wake na weupe wa jicho, ambako ndiko zilipo seli zinazozalisha ngozi mpya ya juu ya konea. Mkemia wa Kicheki, Otto Wichterle, alipotengeneza lenzi zake kwa mashine aliyoiunda nyumbani mwaka 1961, ulaini wake ulitokana na maji yaliyofyonzwa na plastiki, na oksijeni ilipita kupitia maji hayo hayo. Haikuwa nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaingia sokoni lenzi za silikoni haidrojeli, ambazo hupitisha oksijeni mara kadhaa zaidi. Plastiki ya zamani nayo haijaondoka: lenzi nyingi za rangi, zile ambazo bibi harusi wa Dar huzitafuta siku ya sendofu, bado zinatengenezwa nayo. Uzuri wa rangi haukuambii lolote kuhusu hewa inayopita.

Konea ikikosa oksijeni ya kutosha, seli zake huchoma sukari bila oksijeni na kuacha asidi ya laktiki. Asidi hiyo ikijikusanya ndani huvuta maji, konea inavimba, na jioni taa za magari unaziona zimezungukwa na duara la ukungu. Hayo ni ya siku moja, na ukivua lenzi yanapita.

Ya miaka ni mengine. Mishipa midogo ya damu huanza kuvuka mpaka kutoka kwenye weupe na kuingia konea, ikifuata mahali penye njaa ya oksijeni. Ukiacha lenzi, damu hutoka kwenye mishipa hiyo, lakini vijia vyake hubaki, tayari kujaa tena siku utakaporudia mazoea yale yale. Safu ya ndani kabisa ya konea, ambayo kazi yake ni kusukuma maji nje, imeumbwa kwa seli ambazo kwa mtu mzima hazizaliani tena. Baada ya miaka ya hewa kidogo, seli hizo hupoteza umbo lake la kulingana, nyingine zikiwa kubwa na nyingine ndogo. Hata mkunjo wa konea unaweza kubadilika kidogo, na ndiyo sababu anayetaka kufanyiwa upasuaji wa leza huambiwa akae bila lenzi kwanza, mara nyingi wiki moja au zaidi, ndipo apimwe.

Kinachonitia wasiwasi kuliko hayo yote ni konea kupungua hisia. Mfanyakazi wa Posta anavaa lenzi saa 12 asubuhi akitoka Mbagala, anashinda kwenye kiyoyozi akikodolea kompyuta bila kupepesa vya kutosha, anazivua saa 4 usiku. Mwanzoni macho yalikuwa yakichoma, sasa hayachomi, naye anasema yamezoea. Huenda kweli lenzi inamkaa vizuri. Lakini huenda pia konea imekufa ganzi kiasi, na mchubuko ambao zamani ungemfanya azivue saa 8 mchana leo hausikii kabisa. Daktari akimdondoshea rangi ya machungwa jichoni na kummulika kwa taa ya buluu, mchubuko huo hung'aa kijani, na mwenyewe hushangaa.

Kupitia mchubuko kama huo ndipo vijidudu huingia. Hapa silikoni haijatusaidia sana: hewa imeongezeka, lakini maambukizi ya konea hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Kinachoongeza hatari zaidi ni kulala na lenzi. Kinachofuata ni maji. Bakteria aitwaye Pseudomonas hupenda vikasha vya kuhifadhia lenzi vyenye unyevu, na amiba wa Acanthamoeba huishi kwenye maji ya bomba, ya kisima na ya simtanki. Maji ya chupa ni salama kunywa, ila si ya kusuuzia lenzi. Mate ndiyo kabisa. Dawa ya kuhifadhia humwagwa yote kila siku. Kuongezea mpya juu ya ya jana ni kuwafuga vijidudu. Kuoga au kuogelea Kigamboni nazo machoni, hapana. Na kuazimana lenzi za rangi saluni sina hata haja ya kulieleza.

Jicho likiwa jekundu, likauma, likakimbia mwanga au likaona ukungu usioisha, vua lenzi na usiirudishe. Usikimbilie duka la dawa kununua matone yoyote, kwa sababu mengine yana steroidi: wekundu unapungua huku kidonda kikichimba, na kovu likibaki katikati ya konea ndiyo chamba cha jicho. Nenda hospitali yenye kitengo cha macho siku hiyo hiyo, na ubebe lenzi yenyewe pamoja na kikasha chake bila kukiosha, ili maabara ipate kuotesha kilichomo na daktari ajue dawa ipi itakiua.