"Kwa maoni yangu" haikukingi

Juzi mchana aliingia ofisini mama mmoja, simu mkononi, notisi ya madai ndani ya mkoba. Hata hajakaa sawasawa akaniambia, "Wakili, mimi sijamkashifu mtu. Soma mwenyewe, nimeanza na 'kwa maoni yangu'."

Nikasoma: "Kwa maoni yangu, mweka hazina wetu amekula hela za marejesho." Saa nne usiku, kwenye kundi la WhatsApp la kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, lenye watu 38.

Huyo ni wa tatu mwezi huu kuniletea utetezi huohuo, na uvumilivu umeniishia. Hayo si maoni. Ni tuhuma ya wizi. Jiulize: je, kuna mtu anaweza kufungua daftari akaonyesha kwamba ulichosema ni kweli au uongo? Kama yupo, umetoa tuhuma, hata ukitanguliza "kwa maoni yangu" mara kumi. "Mchele wa duka lile haunogi" ni maoni. "Wanapunja kwenye mizani" ni tuhuma. "Nasikia" na "inasemekana" hazisaidii kitu. Wala "nauliza tu", maana ukiuliza kama hela za marejesho ndizo zilizopaua nyumba ya mtu, kundi zima limeshakuelewa, na mahakama inaangalia msomaji wa kawaida ameelewa nini.

Maoni yanalindwa pale yanaposimama juu ya jambo la kweli. Mama huyu angeandika, "Marejesho ya Machi hayapo kwenye taarifa ya benki. Naona mweka hazina apumzishwe," hasira ingekuwa ileile. Ila sentensi ya kwanza ina karatasi ya kuithibitisha, na ya pili ni maoni kweli.

Kufuta: watu wameshapiga skrinishoti. Kufowadi: kila anayeipitisha kashfa naye ameichapisha.

Halafu kuna kuchanganya jinai, ambako unashtakiwa kwa kosa, na madai, ambako uliyemsema anakudai fidia. Kwenye jinai, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kinachohusu kuchapisha habari za uongo, kinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba ulijua habari ni ya uongo, na kwamba ulikuwa na nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha. Kwa hiyo "sikujua" inaweza kukuokoa huko. Kwenye shauri la madai ya kashfa neno hilo halikutoi, na wengi hulijua hilo wakiwa wameshapokea notisi.

Kuna sehemu mimi mwenyewe sina uhakika nayo. Neno kama "tapeli" wakati mwingine ni tusi tu la hasira, wakati mwingine ni tuhuma kamili, na mawakili wawili wazuri watabishana juu yake asubuhi nzima. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba ushauri wangu wa "fikiri kabla hujatuma" unaweza kumnyamazisha mtu aliyeuona wizi kwa macho yake. Kifungu cha 16 nakiona kipana mno, na woga wa mtu kusema alichokiona nauelewa. Ndiyo maana simwambii mtu anyamaze. Namwambia apeleke kwa mwenyekiti, kwenye kikao, au polisi. Anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mtu anayehusika na jambo hilo ana kinga.

Na hapo ndipo tulipo na mama. Wanachama wa kikoba wanahusika na hela yao, kwa hiyo naweza kujenga hoja kwamba kundi lenyewe lilikuwa mahali pa kulisemea. Nikamwambia asifute chochote, tukapitia majina mmojammoja. Wenye hisa ni 31. Waliobaki ni mume wa mjumbe, watu watatu waliojitoa zamani bila kuondolewa, na namba tatu ambazo mama hazitambui.

Hao saba ndio wananinyima usingizi.