Vineno vidogo vya Kiingereza na mwisho wa kitenzi cha Kiswahili

Nafanya kazi ya kutafsiri hapa Arusha, na kwa mji huu kazi ya lugha haikauki, kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kuna kampuni za utalii kila mtaa, na ukishuka Moshi unakutana na za mlima. Watu wengi wanadhani kinachotutoa jasho ni yale maneno marefu ya kisheria au ya kidaktari. Hapana. Neno refu unalifuata kwenye kamusi unalikuta limekaa na maana yake, mnaelewana. Shida ipo kwenye maneno ambayo mtoto wa shule ya msingi anayajua, put, get, take, come, break, pale yanapofuatwa na vile vineno vidogo up, off, out, down, over. Waalimu wa lugha wanaviita vitenzi virai. Samuel Johnson, yule aliyetoa kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika kwenye utangulizi wake kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko vyote, na mimi nakubaliana naye kabisa.

Niwaonyeshe kwa karibu. Nililetewa nikague mwongozo wa usalama wa kampuni moja inayopandisha watu Kilimanjaro, ulishatafsiriwa na mtu mwingine. Kiingereza chake kilisema hivi: "Don't put off turning back. If the symptoms don't let up, call off the climb and get the client down." Sentensi mbili tu, vitenzi virai vitano. Kiswahili kilichokuwepo kilikuwa hivi: "Usiweke mbali kugeuka nyuma. Kama dalili haziruhusu juu, ita mbali kupanda na pata mteja chini."

Sasa hapo ukisoma "ita mbali" unajua moja kwa moja kuna tatizo, unasimama, unauliza. Kilichonitisha mimi ni "dalili haziruhusu juu", kwa sababu nilimsomea kaka mmoja wa Moshi anayeongoza wageni mlimani na yeye akaelewa fresh tu, akasema maana yake ni kama hali ya mgeni hairuhusu kwenda juu basi usiende. Inaingia akilini kabisa. Lakini sio kilichoandikwa! Kiingereza kinasema dalili zisipopungua, basi, safari imeisha. Hiyo tafsiri inamwachia muongozaji apime mwenyewe kama hali "inaruhusu" au la, na kwenye ugonjwa wa mwinuko, ule unaowapata watu wakipanda juu sana, mgeni huyo huyo mwenye kichwa kinachogonga na kichefuchefu ndo anayekuambia niko sawa twende, ameshalipa hela nyingi anataka kufika Uhuru mita 5,895. Tafsiri inayochekesha haimuui mtu maana hakuna atakayeifuata. Inayoua ni ile inayosomeka vizuri huku inasema kitu kingine.

Basi tukakaa mezani tukaenda neno kwa neno. "Put off", mtu wa haraka ataandika kuahirisha, lakini kuahirisha ni kupanga siku nyingine, na kule juu hakuna anayepanga siku, kinachotokea ni kusema ngoja tusogee kidogo tuone, kwa hiyo ni kuchelewa. "Turn back", yeye mwenyewe alisema kugeuza, ndivyo wanavyosema mlimani, "tukageuza". "Let up" ni kupungua, haina mjadala. "Call off" ndo ilitupa kazi. Mechi ambayo haijaanza inafutwa au inaahirishwa, lakini hapa watu wameshaanza kupanda, wako njiani, kwa hiyo ni kukatisha. Kiingereza hakijali kama jambo limeanza au halijaanza, "call off" inabeba zote mbili, Kiswahili kinajali. Na "get the client down" ni kumshusha mgeni, hakuna "get" hapo wala hakuna "down", vyote vimo ndani ya kumshusha. Ikatoka hivi: "Usichelewe kugeuza. Dalili zisipopungua, katisha safari na umshushe mgeni." Maneno tisa kwa ishirini ya Kiingereza.

Yule kaka akaniambia, "Dada, ongeza hapo hata kama ni usiku, maana vijana wengine wanasubiri kukuche." Nikamwambia siwezi kuongeza kitu ambacho hakimo, hiyo sio kazi ya mfasiri, ila niliwaandikia kampuni pendekezo lake kama lilivyo na wakaliingiza kwenye Kiingereza kwanza, ndipo na mimi nikaliweka.

Sasa ninachotaka mshike, hasa vijana mnaoanza kazi hii, ni kwamba Kiingereza kinaweka maana kwenye kineno kinachofuata kitenzi na Kiswahili kinaiweka kwenye mwisho wa kitenzi chenyewe. Kwa hiyo ukiona "up" usitafute "juu", nenda kwenye minyambuliko. Shuka, shusha, shushia, shushwa. Angalia hata kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kupakia na kupakua, kuvaa na kuvua, Mwingereza anahitaji off na out na un- kusema hayo, sisi tunabadilisha mkia wa neno yameisha. Toka inazaa tokea na jitokeza, na "come forward" kwenye tangazo la polisi la kutafuta mashahidi ni kujitokeza, hakuna neno jingine linalofaa. Pita inazaa pitia, na hiyo ndo "go through" ukiwa na makaratasi mkononi. Na kuna moja naipenda sana: "go on" ni endelea, na endelea yenyewe imetoka kwenye enda. Yani wao wameongeza "on" nje, sisi tumeongeza ndani, tumefika sehemu moja bila kuambizana.

Alafu kuna ile kauli ya kutendewa ambayo wafasiri wengi wanaisahau wakiwa mbele ya kompyuta ingawa nyumbani wanaiongea kutwa nzima. "We have run out of diesel." Nimeona watu wakiandika "tumemaliza dizeli", ambayo inaweza kumaanisha tumeitumia yote kwa raha zetu, wakati dereva yeyote aliyekwama njia ya Serengeti atakwambia "tumeishiwa dizeli". Ishiwa! Dizeli ndo imeisha, sisi yametupata. Vivyo hivyo "the car broke down on us" ni tumeharibikiwa na gari, na mtu aliyepoteza mzazi amefiwa. Kiingereza hakina mahali pa kuweka jambo hilo kwenye kitenzi, sisi tunapo, tupatumie.

Hiyo "break down" yenyewe ni shule nzima. Gari linaharibika, mazungumzo yanavunjika, mtu msibani anaangua kilio, mlango unavunjwa, na mhasibu akikuambia "break down the costs" anataka mchanganuo wa gharama. Matano hayo hayana neno moja la kuyabeba, na ukijaribu kulilazimisha moja msomaji anaumia. Kwa hiyo mtu akiniuliza "dada, break down kwa Kiswahili ni nini", namuuliza kwanza, ya nini?

Mahakamani ndo mambo yanakuwa mazito zaidi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu Tanzania, kwa hiyo hivi vitenzi vinashuka kwenye hukumu na maisha ya watu. Chukua "strike out". Wakili anajua kwamba shauri likiwa "struck out" ni kwa sababu lililetwa vibaya, lina kasoro, halijasikilizwa, na mwenye nalo anaweza kurekebisha akarudi nalo mradi yuko ndani ya muda. Likiwa "dismissed" ni jingine kabisa, limesikilizwa limekosa mashiko, hapo huna cha kurudi nacho pale pale, unafikiria rufaa. Hii tofauti ni ya zamani, mawakili wa huku bado wanaishikilia kutoka kesi ya Ngoni-Matengo ya mwaka 1959 kwenye iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Lakini fungua habari yoyote, yote mawili utaambiwa mahakama "imetupilia mbali". Mama mwenye kesi ya shamba anasoma hivyo anakata tamaa anakaa nyumbani, siku zinahesabika, kumbe alitakiwa arekebishe hati arudi. Mimi la kwanza naandika shauri limeondolewa mahakamani, la pili limetupiliwa mbali, na sichanganyi. Na tazameni tupilia inavyofanya kazi: tupa, tupia, tupilia, kila hatua inasogeza mbali zaidi mpaka hakuna kurudi. Neno zito namna hiyo huwezi kulimwaga kwenye shauri ambalo mlango wake bado uko wazi.

Nije kwenye nahau, hapa nitaenda haraka kidogo kwa sababu wengi mmeshafundishwa kwamba nahau haitafsiriwi neno kwa neno. Sawa, lakini mkishaambiwa hivyo mnakimbilia nahau ya Kiswahili yenye picha inayofanana, na hapo ndo mnaangukia shimo la pili. Kiingereza kinasema "beat around the bush", kuzunguka kichaka. Mtu anafurahi, anasema aah sisi tuna kuzunguka mbuyu! Ndugu yangu, kuzunguka mbuyu ni kutoa rushwa. Umeandika kwenye muhtasari wa kikao kwamba mkurugenzi alizunguka mbuyu na kumbe alikuwa anaumauma maneno tu, umemtuhumu jinai. Vilevile "the matter came up" ni jambo lilijitokeza, sio jambo lilikuja juu, kwetu anayekuja juu ni mtu aliyekasirika.

Kinachotakiwa kulingana ni uzito. "Kick the bucket" ni ya mzaha, ya kijiweni, ukiiweka kuwa aliaga dunia umeivalisha suti, kijiweni tunasema amekata kamba au amekata moto. "Spill the beans" ya wazee ni kumwaga mtama, ya vijana wa Instagram ni kumwaga ubuyu, na ubuyu umeshabeba harufu ya umbea, kwa hiyo shahidi aliyetoa siri ya kampuni yake kwenye tume hamwagi ubuyu, anatoboa siri.

Uzito huu Arusha tumeuona ukijadiliwa na majaji. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ya kesi za mauaji ya kimbari, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwisho wa 2015, ilikaa hapa hapa AICC, kituo chetu cha mikutano ya kimataifa, lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa huku mashahidi wengi wanaongea Kinyarwanda. Kwenye hukumu ya 1998 ya Akayesu, mmoja wa washtakiwa, majaji walieleza jinsi walivyohitaji mtaalamu wa lugha awafafanulie maneno kama inyenzi, ambalo kwa kamusi ni mende tu. Nani alilisema, lini, akimlenga nani, ndo vilivyoamua linamaanisha nini.

Kuna nahau zimeingia moja kwa moja na zimekaa, sina ugomvi nazo. Kupindua meza kumetoka kwa Waingereza, "turn the tables", na leo hakuna shabiki wa Simba au Yanga asiyeielewa. Ila "mwisho wa siku", yaani "at the end of the day" neno kwa neno, naikataa, hasa kwenye mkataba. Hatimaye lipo, mwishowe lipo. Ukimwandikia mtu "mwisho wa siku mpangaji atalipa gharama" atauliza ni saa ngapi, na ana haki ya kuuliza.

Na kuna moja sijaipatia dawa ya kudumu, "get away with". Alifanya kosa, watu wanajua, hakuna kilichompata. Kuponyoka haitoshi kwa sababu anayeponyoka alikuwa ameshikwa, kukwepa adhabu inakaribia lakini inampa ujanja ambao pengine hakuwa nao, labda walimwachia tu. Kwa sasa naivunja kuwa sentensi nzima, "alichukua hela za kijiji na hakufanywa kitu", na ndivyo wanavyosema wazee kule Meru wakiongelea mtu wa namna hiyo. Mwenye neno moja linalobeba yote hayo aniandikie, nitalijaribu kwenye kazi ya wiki ijayo.