Kwa nini shati jeupe hutoka la manjano kwenye picha ya studio?

Umeingia studio na shati jeupe, limefuliwa likatakata. Picha inatoka, na shati ni kama limechovywa kwenye chai ya rangi. Kamera haikukosea. Macho na ubongo wako ndivyo vilivyozoea taa ya manjano baada ya muda mfupi, vikaendelea kukuonyesha weupe. Kamera haina mazoea hayo.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Balbu ya zamani ya waya huwa karibu na 2800, na mwanga wake ni wa manjano. Flashi ya studio, sawa na jua la mchana, ni karibu 5500. Ukipanda zaidi, mwanga unaelekea buluu.

Ndiyo sababu kamera ina waiti balansi, yaani mpangilio wa kuiambia kamera kipi kihesabiwe kuwa cheupe chini ya taa iliyopo. Mpe mteja kadi ya kijivu aishike karibu na uso, piga picha moja, kisha ieleze kamera au programu ya kuhariri picha kwamba pale kwenye kadi hapana rangi yoyote. Karatasi ya printa haifai kwa kazi hii: nyingi hutiwa dawa ya kung'arisha inayotoa ubuluu, na kamera ikijaribu kuufuta huongeza umanjano.

Kazi ngumu ni taa za aina mbili kwa pamoja, flashi mbele na balbu darini. Ukisahihisha shavu moja, la pili linaharibika, na hakuna kitufe kimoja cha kuponya yote mawili. Zima balbu. Ukitaka kuhakikisha, piga picha bila flashi kwa mipangilio ileile: ikitoka nyeusi tii, taa za dari haziingii.

Halafu kuna ukuta, ambao wengi hawaushuku. Ukuta wa kijani hurusha ukijani shavuni, na kanga nyekundu mapajani hurusha wekundu chini ya kidevu. Kwenye ngozi nyeusi jambo hili linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu pale inapong'aa hubeba rangi ya chochote kinachoimulika. Nimeona nyuso nzuri za kahawia zikitoka na kijivu cha ugonjwa, na mteja akadhani ndivyo alivyo. Kabla ya kugusa kompyuta, mwondoe ukutani hatua mbili tatu, au tundika kitambaa cheusi upande unaorusha rangi.