Nafasi ya mchangiaji na kasi ya kompyuta zake

Katika miradi ya kisayansi inayotegemea kompyuta za watu wanaojitolea, kila mchangiaji hupewa alama kwa kazi iliyokamilika, na alama hizo ndizo zinazompa nafasi katika orodha ya wachangiaji. Wengi huisoma orodha hiyo kana kwamba aliye juu ndiye mwenye kompyuta zenye kasi zaidi. Usomaji huo hauwatendei haki wachangiaji, kwa kuwa jumla ya alama hupima kazi yote iliyofanywa tangu mtu alipojiunga, na kazi ni kasi ikizidishwa kwa muda.

Katika BOINC, mfumo wa kuendeshea miradi ya aina hii uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uhusiano wa alama na kasi umewekwa wazi: kompyuta inayofanya hesabu bilioni 1 za namba za desimali kwa sekunde, ikifanya kazi mchana kutwa na usiku kucha, hustahili alama 200, yaani kila alama inawakilisha hesabu bilioni 432. Kompyuta inayopata alama 10,000 kwa siku hufikisha milioni 1 kwa siku 100; inayopata 500 huhitaji siku 2,000, lakini ikifika hapo jumla yake haitofautiani na ya mwenzake.

Anayetafuta kasi autazame wastani wa alama za karibuni, yaani alama anazopata mtu kwa siku katika kipindi cha hivi karibuni. Ukigawanywa kwa 200, wastani huo hutoa mabilioni ya hesabu kwa sekunde, hivyo mwenye wastani wa 20,000 huchangia takriban hesabu bilioni 100 kila sekunde. Hata hapo pana tahadhari, nayo ni muhimu: uzito wa alama za zamani hupungua kwa nusu kila wiki, kwa hiyo kompyuta mpya isiyozimwa huonyesha karibu nusu tu ya kasi yake baada ya wiki ya kwanza, na robo tatu baada ya wiki ya pili. Aidha, pale ambapo kazi moja hutumwa kwa kompyuta mbili ili majibu yalinganishwe, alama zako husubiri hadi mwenzako amalize.

Folding@home, mradi mwingine wa aina hii, hufuata kanuni nyingine. Humo wanaotimiza masharti huongezewa alama kwa kurudisha majibu mapema, hivyo kasi ikiongezeka maradufu, alama za siku huongezeka zaidi ya maradufu.