"Ajali haina kinga" na dhana nyingine zinazotuumiza nyumbani na kazini

Katika misiba mingi ya Tanzania, hasa ya mtu aliyekufa kwa kuungua, kuanguka au kufukiwa na kifusi, hutasubiri sana kabla ya kusikia kwamba ajali haina kinga. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, ukomo wa umri wa mtu, kwa hiyo msemo huu una faraja ya kidini ambayo sina nia ya kumnyang'anya mfiwa. Lakini faraja hiyo ikitoka msibani ikahamia jikoni, kwenye karakana na machimboni, inakuwa kibali cha kuacha sufuria ya maharage yanayochemka sakafuni, mahali mtoto anayejifunza kutembea anapopita. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, na walio wengi kabisa ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Watoto wa huko Ulaya nao hutambaa na kudandia vitu. Tofauti ni kwamba wengi wao hawatambai kando ya mafiga.

Dhana: "Mpake dawa ya meno haraka, itapoza."

Kila nyumba ina yake: dawa ya meno, yai bichi, unga wa ngano, asali, mafuta ya kula, hata majivu. Dawa ya meno huleta ubaridi kwa sababu ya mnanaa uliomo, na ubaridi huo ndio unaotudanganya, kwa maana joto lililokwisha kuingia kwenye nyama linaendelea kuunguza chini ya ngozi wakati sisi tumeshalifunika. Kisha mgonjwa akifika hospitali, muuguzi analazimika kusugua na kuondoa yote hayo ili aone kina cha jeraha, na maumivu ya kusuguliwa huko ni makali, nayo hayakuwa ya lazima. Ute wa yai na majivu huongeza hatari ya vijidudu kuingia kwenye jeraha.

Kinachosaidia ni maji safi ya kawaida yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20, na yana faida hata kama saa mbili au tatu zimepita tangu mtu aungue. Najua mara moja mtu atauliza maji hayo yatoke wapi katika nyumba inayonunua maji kwa ndoo. Ndoo moja inatosha ukimimina kwa kikombe taratibu huku beseni likikinga chini, kisha ukarudia kuyatumia maji yale yale maadamu hayajachafuka. Barafu isitumike, kwa kuwa hubana mishipa ya damu na kuumiza ngozi zaidi. Pete, bangili na shanga zivuliwe mapema kabla mwili haujavimba, nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe, na malengelenge yasitumbuliwe. Mtoto mdogo afunikwe sehemu zisizoungua, kwa sababu hupoteza joto la mwili upesi. Baada ya hapo jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, na safari ya kituo cha afya ianze.

Nyumba nyingi sasa zinahamia kwenye gesi, hasa baada ya serikali kuzindua mwaka 2024 mkakati wa kuzifikisha asilimia 80 ya kaya kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni hatua njema, ila imekuja na hofu kwamba mtungi hulipuka wenyewe. Mara nyingi kinacholipuka ni gesi iliyovuja kwenye bomba la mpira, kwenye ringi ya mpira ya kichwa cha mtungi au kwenye swichi ya jiko, na kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutandaa sakafuni na kusubiri cheche. Ukisikia harufu yake, funga mtungi, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi ya taa, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Palipovuja patafutwe kwa povu la sabuni. Kiberiti hakitafuti uvujaji, kinauwasha.

Dhana: "Mkaa ukishakolea na moshi ukaisha, jiko ni salama ndani."

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa anayeiamini anafanya jambo la upendo: anawapasha joto watoto wake katika usiku wa baridi wa Juni na Julai kule Makete, Njombe au Lushoto. Amengoja nje mpaka moshi umekwisha na mkaa umekuwa mwekundu, kisha ameingiza jiko chumbani na kufunga mlango na dirisha. Mkaa uliokolea ndio hutoa kwa wingi kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala ukakasi wa kooni, ambayo hujishika kwenye damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu hasongwi wala hakohoi. Huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu wa viungo, dalili ambazo kwetu huchukuliwa haraka kuwa malaria, na aliyekwisha kulala hupita moja kwa moja kutoka usingizini hadi kupoteza fahamu.

Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi, na sufuria ya maji iliyowekwa kando ya jiko haifyonzi chochote. Jiko litolewe nje kabla ya kulala. Ukiwakuta watu wamezimia chumbani, fungua mlango, watoe kwenye hewa safi na uwapeleke hospitali hata kama wamezinduka, na mweleze mganga kwamba kulikuwa na jiko la mkaa, kwa sababu taarifa hiyo ndiyo itakayomfanya awape oksijeni badala ya dawa za malaria.

Dhana: "Kunywa maziwa, yatasafisha vumbi kifuani."

Kwenye viwanda, karakana za rangi na sehemu za kupakua saruji, maziwa yamekuwa kama kifaa cha kinga. Wapo waajiri wanaotoa pakiti moja kwa siku na kuona wametimiza wajibu wao, na wafanyakazi wanaoidai kwa bidii kuliko wanavyodai barakoa. Maziwa ni chakula kizuri, na ni haki mtu apewe akiwa kazini. Lakini yanakwenda tumboni, ilhali vumbi liko kwenye mapafu, na kati ya njia hizo mbili hakuna mlango.

Vumbi la hatari zaidi ni lile lisiloonekana. Mtu anayepasua mwamba Mererani akitafuta tanzanite, au mama anayeponda kokoto Kunduchi, huvuta chembe za silika, madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga, zilizo ndogo kuliko mikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, ambazo hupita puani, hufika mwisho kabisa wa mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna tiba, huendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, na humweka katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Kitambaa kilichofungwa usoni huzuia vumbi la kuonekana na kuacha lile linaloua. Kinga inaanzia kwenye mwamba wenyewe: kuchoronga kwa mashine inayomwaga maji ili vumbi lisipate kuruka, kisha hewa ya kutosha shimoni, na barakoa maalumu ya kuchuja chembe ndiyo iwe ya mwisho.

Dhana: "Akinywa mafuta ya taa mtapishe."

Usimtapishe. Mafuta ya taa huumiza zaidi yakiingia kwenye mapafu, na kutapika huyapeleka huko kwa mara ya pili. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mpeleke hospitali mara moja. Chanzo huwa karibu kile kile: chupa ya soda au ya maji ya kunywa iliyotiwa mafuta ya taa na kuwekwa chini ya meza.

Dhana: "Msumari haukuwa na kutu, hakuna haja ya sindano."

Pepopunda haitokani na kutu. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, kwa hiyo mwiba wa shambani au jembe jipya linaweza kuileta vilevile, na kupaka kidonda samadi au udongo ni kuipanda kwa mkono. Osha kwa maji mengi na sabuni, kisha kaulizie chanjo.

Dhana: "Aliumia kwa uzembe wake, hana fidia."

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda mfuko ulioanza kazi Julai 2015, nao unawahusu waajiri wote wa Tanzania Bara. Mwajiri ndiye anayechangia, na haruhusiwi kukata mchango huo kwenye mshahara. Mfanyakazi aliyeumia kazini hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea, na kosa la kawaida la kibinadamu halimwondolei haki. Magonjwa yatokanayo na kazi yamo pia, ikiwemo silikosisi, na wategemezi wa aliyefariki wana stahili zao. Wengi hupoteza haki hii kwa kukubali kupewa nauli na pole, wakakaa kimya hadi miezi 12 ya kudai ikapita.

Inayobaki ni huzuni ya wale wasio na mwajiri: dereva wa bodaboda, fundi wa kuchomelea, mponda kokoto. Hakuna anayewachangia. Yule mama wa kokoto nimemtaja kwa kusudi, kwa sababu kinga aliyo nayo leo ni kulimwagia jiwe maji kabla ya kulipiga, na kukaa upande ambako upepo unatokea, mtoto wake akiwa nyuma yake.