Je, wajua kwa nini samaki wa rangi nyingi hukusanyika kwenye rundo moja la mawe mtoni?

Mwezi Mei, ukisimama ukingoni mwa Little Tennessee, mto unaopita kwenye milima ya magharibi mwa North Carolina nchini Marekani, huoni zaidi ya maji yanayometameta juu ya changarawe. Vaa miwani ya kuzamia, uma mrija wa kupumulia, kisha lala kifudifudi pale maji yanapofika magotini. Hapo ndipo utakapoliona rundo la kokoto ambalo huweza kufikia upana wa mita moja, na juu yake kundi la samaki wadogo, wengine wekundu wa kuwaka, wengine wenye michirizi myekundu usoni, wote wakiuelekea mkondo. Wapiga picha wa samaki wa asili hufunga safari na marafiki zao kwa ajili ya rundo kama hilo.

Rundo hilo si kazi ya maji. Limejengwa na samaki mmoja, dume la chabu wa mtoni, ambaye kisayansi huitwa Nocomis micropogon. Majira ya kuzaana yakifika, kati ya Aprili na Juni, kichwa chake huvimba na kuota vinundu vigumu. Huchimba shimo kwanza, halafu hulijaza kwa kokoto anazobeba mdomoni, moja baada ya nyingine, hadi zinafika maelfu. Hana mikono wala msaidizi. Binafsi sijui kiumbe wa mtoni anayestahili heshima kuliko huyu.

Na hao wekundu je? Ni wageni. Kuna jamii kadhaa za samaki wadogo, mmojawapo Notropis leuciodus, ambao hutaga mayai yao humohumo. Wana sababu nzuri. Adui mkubwa wa yai la samaki mtoni ni tope: likilifunika, yai hukosa oksijeni na kufa. Kokoto alizozipanga chabu ni safi, na maji hupita katikati yake. Zaidi ya hayo, mwenye nyumba hukaa akilinda, na kila anapoongeza mawe hufunika mayai yake pamoja na ya wenzake. Rangi zile ni za madume wanaowavutia majike na kushindania nafasi. Msimu ukipita, hufifia.

Jambo la kushangaza ni kwamba chabu humfukuza vikali dume mwenzake, lakini hao wadogo huwaacha. Watafiti wameona kwamba naye hufaidika. Mara nyingi mayai ya wageni huwa mengi kuliko yake, kwa hiyo mla mayai akivamia, huenda akala ya jirani kabla hajafikia ya mwenyeji. Ujirani huo una maslahi kwa pande zote mbili.

Kumpiga picha kunahitaji subira kuliko kamera ya bei kubwa. Njoo ukitokea upande maji yanakoelekea, ili tope unalolitibua lisimfikie. Shika jiwe kubwa lililotulia, usipige miguu, ngoja. Samaki hutawanyika, kisha hurudi, na dume huendelea kubeba mawe mbele ya uso wako. Maji ya mlimani ni baridi hata Mei, kwa hiyo nguo nene ya kuzamia ni ya lazima, na mmoja wenu abaki ukingoni akiangalia mashua na mawingu, maana mvua ya juu milimani hujaza mto upesi. (Msomaji wa Rufiji au Tana asijaribu haya kwao: mamba, viboko na kichocho havina mzaha.)

Hapo North Carolina wameanzisha hata njia maalumu, Blue Ridge Snorkel Trail, yenye vituo ambako mtu yeyote anaweza kuingia majini akawatazama samaki hawa. Ombi kubwa kwa wageni ni kutohamisha mawe. Watu hupenda kuyapanga minara ya kupigia picha, bila kujua kwamba chini ya jiwe kubwa huenda anaishi salamanda mkubwa wa mtoni, mnyama mwenye umbo kama la mjusi, na kwamba rundo la kokoto lililotawanywa kwa mguu mmoja lilikuwa limebeba mayai ya jamii tatu au nne za samaki kwa wakati mmoja.