Tauni ya 1348: Uongo wa Visima

Dhana: Wayahudi walitia sumu visimani, ndipo Ulaya ikafa.
Tauni haiji kwa maji ya kisima. Inaletwa na kijidudu kiitwacho Yersinia pestis, kilichotambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Viroboto wa panya ndio wanaokibeba. Kikizaliana humziba kiroboto koo. Damu haipiti, naye kwa njaa huuma tena na tena, kila mara akitapika vijidudu kwenye kidonda. Ndipo mitoki inapovimba kinenani na kwapani. Kikifika mapafuni, huenea kwa kikohozi.

Dhana: Walikiri wenyewe.
Walikiri, ndiyo, chini ya mateso. Septemba 1348, katika ngome ya Chillon kando ya Ziwa Geneva, Wayahudi kadhaa waliteswa hadi wakasema walichotakiwa kusema. Maungamo hayo yalinakiliwa na kutumwa mji hadi mji, na barua zikaitangulia tauni.

Dhana: Hawakuugua, kwa sababu dini iliwaamuru kunawa.
Hii husemwa hata na wenye nia njema. Lakini kunawa mikono kabla ya kula hakumzuii kiroboto. Mawe ya makaburi ya Wayahudi wa Toledo yanataja waliokufa kwa tauni. Papa Klementi wa Sita, akiwa Avignon, aliandika mwaka huohuo wa 1348 kwamba Wayahudi nao wanakufa, na kwamba ugonjwa umefika hata kwa watu wasiowahi kuishi nao. Hoja hiyo ilitosha kabisa. Nje ya Avignon wachache waliisikiliza.

Dhana: Mauaji ya Wayahudi yalikuwa hasira ya waliofiwa.
Tazama tarehe. Basel waliwachoma Wayahudi wao 9 Januari 1349. Strasbourg, viongozi wa mji walikataa kuwaua. Vyama vya mafundi vikawaondoa madarakani, na tarehe 14 Februari Wayahudi wakachomwa katika uwanja wao wenyewe wa makaburi. Mwandishi wa kumbukumbu za wakati ule anataja watu 2,000, idadi inayobishaniwa hadi leo. Waliokubali kubatizwa waliachwa. Kilichofuata hakina ubishi: madeni waliyokuwa wakiwadai watu yakafutwa, rehani zikarudishwa kwa wenyewe, fedha taslimu mafundi wakagawana.

Tauni yenyewe iliingia Strasbourg kiangazi, wa kusingiziwa wakiwa hawapo tena.